Leo katika historia ya muziki: mbona tarehe za wenzetu zipo, za kwetu hazionekani?

#1 SanturiZaMjomba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo kwenye grupu moja la WhatsApp la wapenda muziki, watu wazima watupu, hakuna matusi wala matangazo ya mikopo. Admini wetu ana kazi moja asiyoikosa. Kila alfajiri anatupia ujumbe unaoanza LEO KATIKA HISTORIA YA MUZIKI. Leo kazaliwa Mozart, 27 Januari 1756. Leo Beatles walipanda juu ya paa la ofisi yao London wakapiga shoo yao ya mwisho hadharani, 30 Januari 1969. Leo imeanguka ndege iliyombeba Buddy Holly, 3 Februari 1959. Mwezi wa kwanza nilifurahi. Mwezi wa tatu nikaanza kuhesabu, na hesabu ikanikera: siku tisini, Waafrika wawili, tena mmoja wao ni Bob Marley, ambaye ni Mjamaika kaingizwa kwa huruma.

Nikamuuliza kistaarabu, na wa kwetu je? Akanijibu kwa maneno mawili: "Leta tarehe."

Basi, wiki tatu sasa natafuta tarehe.

Nianze na nilichokuta kwa wenyewe, maana nilidhani huko kila kitu kimenyooka. Hakijanyooka. Siku aliyozaliwa Beethoven haijulikani. Kilichopo ni daftari la kanisa la Bonn linaloonyesha kabatizwa 17 Desemba 1770, na kwa kuwa watoto walikuwa wakibatizwa chapchap, watu wakakubaliana kwamba itakuwa kazaliwa 16. Mwenyewe ndiyo kabisa alikuwa haelewi. Alitanguliwa na kaka aliyeitwa Ludwig vilevile, aliyebatizwa Aprili 1769 na kufa baada ya siku sita. Basi kila alipoonyeshwa cheti chake aliona hicho ni cha marehemu kaka yake, yeye ni mdogo kuliko hapo. Mwaka 1810 alimwandikia rafiki yake Wegeler amtafutie cheti cha kweli. Na baba mtu naye alichangia kuvuruga: mwaka 1778 alimtangaza kwenye onyesho huko Cologne kuwa ni mtoto wa miaka sita, wakati alikuwa na saba. Umri wa pasipoti haukuanzia kwenye mpira wa miguu.

Sasa rudi kwetu. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja. Vitabu vinasema kazaliwa 1880 hivi. Hiyo "hivi" ndiyo inayonisumbua. Kwao walimwita Mtumwa, alifinyanga vyungu kama mama yake na kuvitembeza mjini kuviuza. Nani angefungua daftari kwa ajili ya mtoto huyo? Lakini kifo chake kina tarehe kamili, 8 Julai 1950. Alizaliwa Mtumwa hakuna aliyeandika, akafa Siti kila mtu akaandika.

Bi Kidude hivyohivyo. Fatuma binti Baraka, kafariki 17 Aprili 2013, hilo dunia nzima ilitangaza. Kazaliwa lini? Kimya.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliniachia sanduku la santuri. Nyuma ya jalada moja la Morogoro Jazz kaandika kwa wino wa buluu, mwandiko wake ule wa kulala: "Siku ya mvua kubwa, Jumamosi." Jumamosi ipi, mjomba?

Mwenye tarehe ailete. Ila aseme kaipata wapi.

#2 ChaiYaRangi

Nimekaa siti ya mbele. (Si Siti wa Fumba.) Ngoja waje wajuzi.

#3 HesabuMkononi

Mkuu, nitakuudhi kidogo. Hizi kumbukumbu za miaka 50, miaka 100, miaka 250 ni biashara. Kampuni inasubiri mwaka wa mviringo, inatoa upya albamu ileile kwenye boksi zuri, inaongeza nyimbo tatu zilizokuwa zimetupwa, unauziwa mara ya pili. Mwenye mali ndiye anayekumbuka. Ukiona tarehe ya mwanamuziki inatajwa kila mwaka, tafuta nani anapokea mirabaha.

Na tarehe yenyewe haina haki. Sergei Prokofiev alifariki Moscow 5 Machi 1953. Siku hiyohiyo akafa Stalin. Prokofiev alikuwa akikaa karibu na uwanja ambao umati ulijaa kumuaga kiongozi, jeneza likashindwa kutoka kwa siku kadhaa, na maua yote ya mji yalikuwa yamekwenda kwa yule mwingine. Mtunzi mkubwa wa dunia kazikwa bila maua ya dukani. Vilevile 24 Novemba 1991, siku aliyokufa Freddie Mercury, alikufa na Eric Carr, mpiga ngoma wa Kiss. Nani kati yenu alikuwa anajua?

#4 SanturiZaMjomba (mleta uzi)

Hiyo ya Prokofiev imenikaa kooni. Lakini hoja yako inanisaidia mimi, si wewe. Kama mwenye mali ndiye anayekumbuka, basi sisi tumekaa bila kumbukumbu kwa kuwa mali ilikuwa ya mtu mwingine, si kwa kuwa hapakuwa na muziki.

#5 SautiYaTatu

Salamu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, miaka mingi sasa, na leo mmegusa kidonda changu.

Kila Desemba kwaya zetu huku kaskazini zinashindana kuimba Haleluya ya Handel. Waumini wanasimama, wengine wanarekodi kwa simu, mpaka mzee wa kanisa aliyelala anaamka. Watu wanadhani ni wimbo wa Krismasi. Messiah iliimbwa mara ya kwanza Dublin, 13 Aprili 1742, siku za Kwaresima, kwenye ukumbi wa Fishamble Street, na mapato yalikwenda hospitalini na kuwalipia wafungwa wa madeni. Waliuza nafasi nyingi kiasi kwamba akina mama waliombwa waje bila zile gauni zenye matanzi ndani, na wanaume waache panga nyumbani, ili watu waenee. Handel aliiandika kwa siku 24, kati ya Agosti na Septemba 1741. Na ile Haleluya yenyewe ipo sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo. Kwa hiyo kila Krismasi tunaimba Pasaka, na nimeacha kubishana na kamati.

Wapenda dansi niwape zawadi: 13 Aprili hiyohiyo, mwaka 2014, ndiyo aliyofariki Muhidin Maalim Gurumo. Mimi siku hiyo huwa nawasha vyote viwili, asubuhi kimoja na jioni kingine.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote kuhusu kumbukumbu za miaka ni cha Bach. Bach alifariki 28 Julai 1750, na Mateso yake kadiri ya Mathayo, kazi ya saa karibu tatu yenye kwaya mbili, ikakaa haisikiki mbele ya watu. Mwaka 1829 kijana Felix Mendelssohn, umri miaka 20, akaifufua Berlin tarehe 11 Machi. Ukumbi ukajaa, mamia wakarudishwa mlangoni. Ilichukuliwa kuwa ni miaka mia kamili tangu Bach aipige Leipzig mwaka 1729. Ilikuwa hamasa kubwa, "miaka mia".

Sasa sikilizeni. Karne ya 20 watafiti wakapekua tena makaratasi wakakuta Bach aliipiga kwanza 11 Aprili 1727. Yaani miaka mia ya Mendelssohn ilikuwa miaka 102 kasoro mwezi. Sherehe iliyomrudisha Bach duniani ilifanyika kwa tarehe ya makosa. Mimi nasema ingekosewa mara kumi, almuradi ifanyike. Mleta uzi, usingoje tarehe iliyo safi.

#6 HesabuMkononi

Hapo mwalimu umenifunga goli. Sina la kujibu kwenye Bach.

#7 KinandaKibovu

Naongezea kwa mwalimu. Tarehe 7 Mei ni siku ya ajabu: mwaka 1824 Simfoni ya Tisa ya Beethoven ilipigwa kwanza Vienna, mwenyewe kiziwi kasimama jukwaani na kitabu chake, mwimbaji Caroline Unger ikabidi amgeuze aone watu wanavyoshangilia. Mwaka 1833 siku hiyo akazaliwa Brahms. Mwaka 1840 akazaliwa Tchaikovsky. Walimu wa muziki wanaipenda sana siku hii.

Lakini mwulize Tchaikovsky mwenyewe atakuambia kazaliwa 25 Aprili. Urusi ilikuwa bado na kalenda ya zamani, nyuma kwa siku 12 karne ile. Bach naye kwa kalenda ya kwao Eisenach kazaliwa 21 Machi 1685, ukiigeuza ya sasa inakuwa 31 Machi. Kuna watu wanamfanyia sherehe mara mbili, na wote wana haki.

#8 MwanaKivu

Bonjour wakubwa. Mimi ni wa Goma, mtanivumilia Kiswahili changu.

Sisi Congo tarehe tunazo, kwa sababu muziki wetu ulizaliwa karibu na studio na karibu na siasa. OK Jazz inahesabiwa toka 6 Juni 1956, kwenye baa ya Kinshasa, wakati ule Léopoldville. Franco alizaliwa 6 Julai 1938 kule Sona Bata, akafariki Ubelgiji 12 Oktoba 1989, na nchi nzima ikawekwa kwenye maombolezo siku nne. Baba yangu anasema redio haikupiga kitu kingine. Tabu Ley Rochereau, 30 Novemba 2013, Brussels. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan 24 Aprili 2016, wachezaji wake wakaendelea kucheza sekunde kadhaa bila kujua. Hiyo kanda nimeiangalia mara moja tu, siirudii tena.

Lakini kuna tarehe moja watu wanaikosea kila mwaka, hata wanaojua. Lile tamasha la Kinshasa la 1974. Wanasema ni siku ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Hapana! Mpango ulikuwa hivyo, pambano liwe 25 Septemba na muziki utangulie siku tatu. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Muziki haukusogezwa. Tarehe 22 hadi 24 Septemba wakapanda James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na OK Jazz yake, Tabu Ley, wote uwanja mmoja. Ali alikuwepo, ngumi hazikuwepo. Kwa hiyo ukisherehekea muziki, sherehekea Septemba. Ukisherehekea ngumi, Oktoba.

Na Makeba, kwa kuwa nimemtaja: alizaliwa 4 Machi 1932, Johannesburg. Admini wa lile grupu lenu nadhani siku hiyo anaweka Vivaldi, 4 Machi 1678, Venice.

#9 SanturiZaMjomba (mleta uzi)

Aliweka Vivaldi! Nimerudi juu kuangalia, kweli kaweka Vivaldi na picha ya fidla. Makeba aliyeimba Malaika hadi wazungu wakajua Kiswahili kina wimbo, hakuwekwa.

Halafu jambo la kuchekesha, huyo Vivaldi mwenyewe tarehe yake haikuwa ikijulikana mpaka cheti cha ubatizo kilipopatikana miaka ya 1960. Alizaliwa dhaifu, mkunga akambatiza palepale nyumbani akihofia atakufa, na hilo ndilo lililoandikwa. Mkunga kaokoa tarehe. Karibu miaka mia tatu dunia ilikuwa ikimsikiliza, au kumsahau, bila kujua siku yake, na hakuna aliyesema basi si mwanamuziki.

#10 MtotoWaShangani

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Mie wa Mji Mkongwe. Nakuja na mambo mawili, la kwanza dogo.

Mtu wa kwetu mwenye tarehe kamili kuliko wote ni Freddie Mercury. Farrokh Bulsara, 5 Septemba 1946, kazaliwa hospitalini hapa Unguja, Parsi, baba yake karani wa fedha mahakamani. Cheti kipo. Tarehe ya kuondoka duniani ipo. Bohemian Rhapsody ilitoka 31 Oktoba 1975, na kila Mzanzibari aliyeisikia mara ya kwanza alishtuka kwenye lile "Bismillah". Akaimba na Montserrat Caballé, mwanamke wa opera, wimbo wa mji wa Barcelona, na Olimpiki ilipofunguliwa pale Julai 1992 Caballé alikuwepo, mwenzake keshafariki. Watalii wanakuja na tarehe zote hizo kichwani, wanatufundisha sisi. Sasa angalia, karatasi zote zipo, na bado mwaka 2006 walipotaka kumfanyia sherehe ya miaka 60 hapa ufukweni watu wakapinga, ikafutwa. Nyumba ya makumbusho yake imefunguliwa Shangani mwaka 2019. Kwa hiyo kuwa na tarehe ni kitu kimoja, na kukubaliwa na majirani ni kitu chengine.

La pili ndilo kubwa. Mleta uzi unasema wazee wetu hawana tarehe. Wanazo, ila si za kalenda ya ukutani kwako. Bibi yangu ukimwuliza kazaliwa lini anakwambia Mfungo Tano, siku tatu kabla ya kuingia Mfungo Sita, mwaka ule mikarafuu ilipozaa sana. Hiyo ni tarehe kamili! Ina mwezi, ina siku, ina mwaka kwa anayejua mazao. Kuna na watu wa Makunduchi wanaohesabu kwa Nairuzi, siku kumi kumi, kila kumi wanaliita mwongo, na Mwaka Kogwa ndiyo kufungua mwaka wao. Karani wa Kizungu alikuja na daftari lenye Januari na Februari, asiyejibu kwa lugha hiyo akaandikiwa "hajulikani".

Kuhusu Bi Kidude. Wageni walikuwa wakimuuliza umri, anajibu kwamba alikuwepo zama za rupia. Wakaandika magazetini kuwa basi ana miaka mia na kitu. Jamani, rupia Unguja ilitumika mpaka mwaka 1935! Zama za rupia ni ndefu kama mkeka wa msikitini, kila mtu anapata pa kukaa. Mie simpunguzii umri, nasema tu jibu lile lilikuwa la kumcheka muulizaji, naye akaliandika.

#11 ChaiYaRangi

"Ndefu kama mkeka wa msikitini." Naiba hii.

#12 MsomiWaKorogwe

Hapo kwa Siti mbona hamumtaji Shaaban Robert? Yeye ndiye aliyetuandikia wasifu wa Siti binti Saad. Asingekaa chini na kalamu, leo tungekuwa na sauti kwenye santuri na hadithi za barazani tu. Mwenyewe kazaliwa 1 Januari 1909, na mimi nikiona mtu wa zamani kazaliwa 1 Januari huwa natabasamu, mnajua kwa nini.

#13 SanturiZaMjomba (mleta uzi)

😂 Shule nzima niliyosoma ilizaliwa 1 Januari.

#14 MatatuNambaTisa

Niaje wadau, niko Nairobi. Nimesoma uzi wote kwa gari, foleni imenisaidia.

Nina swali na nina mchango. Mchango kwanza: hata kitu kilichotolewa na kampuni kubwa yenye makarani kibao kinaweza kuwa na tarehe mbili. Albamu ya Beatles ya Sgt. Pepper, tarehe rasmi ya Uingereza ni 1 Juni 1967, lakini iliharakishwa na watu walikuwa nayo mkononi toka 26 Mei. Mashabiki bado wanagombana. Huo ni mwaka 1967, wana simu, wana taipureta, wana kila kitu.

Swali: bendi iliyobadilisha jina inahesabiwa toka lini? Ninyi Watanzania ndio wataalamu wa hilo. NUTA Jazz ya 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Ni bendi moja ya miaka mingi au ni bendi nne?

Halafu msisahau kwamba santuri nyingi za Bongo za miaka ya sabini zilipitia huku kwetu, kwa sababu kwenu hakukuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Mbaraka Mwinshehe alirekodi hapa Nairobi, na ajali iliyomuua Januari 1979 ilikuwa Mombasa. Tukiweka kumbukumbu yake, tuiweke pamoja.

#15 SautiYaTatu

Msondo ni moja. Jina lilikuwa la chama cha wafanyakazi, si la muziki. Chama kikibadilika, kibao cha mlangoni kinabadilishwa, magita yanabaki yaleyale. Sisi kwaya yetu imebadili jina mara tatu, na kila mara ni kwa sababu ya mchungaji.

#16 HesabuMkononi

Mimi naipinga. Kama ni hivyo hata mimi na babu yangu ni mtu mmoja.

#17 MatatuNambaTisa

Kama mnapiga gita moja na mnadaiwa deni moja, ndiyo, ni mmoja.

#18 FundiRedio

Nimechelewa, nilikuwa na kazi ya watu. Mleta uzi, hilo sanduku la mjomba wako lina tarehe nyingi kuliko unavyodhani, ila huzisomi.

Chukua santuri zile nzito za zamani, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zile zinazovunjika kama sahani ya udongo. Ishike kwa kingo, usiguse mifereji. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ilaze tochi ubavuni, mwanga upite juu ya santuri badala ya kushuka kutoka juu. Sasa angalia pale mifereji inapoisha, ule ukanda laini kati ya muziki na lebo. Utaona namba zimegongwa au zimechorwa kwa sindano, ndogondogo, mara nyingine na herufi. Hiyo si namba ya duka. Namba ya duka ipo kwenye karatasi ya lebo. Hii ya kwenye ukanda ni ya kurekodi: fundi aliitia kila alipokata sahani mpya, kwa mfuatano, na kampuni ikaandika kwenye daftari lake namba fulani, siku fulani, mji fulani, nani kaimba. Daftari likionekana, namba yako inageuka tarehe. Hata daftari lisipoonekana, ukiwa na namba mbili zenye tarehe, ile iliyoko katikati umeibana.

Nyingi za zile za Siti na wenzake ni za kampuni yenye lebo ya mbwa na gramafoni. Walisafiri Bombay Machi 1928 kurekodi, kwa sababu mitambo haikuwa imefika huku. Yeye, Maalim Shaaban, Budda Swedi, Mbaruk aliyekuwa haoni, Subeti Ambar. Watu walikuwa hawajawahi kusikia Kiswahili kinatoka kwenye mashine kwa sauti ya mwanamke wa Unguja. Namba zao zipo kwenye ukanda.

Santuri ndogo za inchi saba za miaka ya sabini nazo zina namba pale. Ile ya mjomba wako ya "mvua kubwa, Jumamosi", soma ukanda wake. Utapata walau mwaka, halafu Jumamosi za mvua kubwa za mwaka huo si nyingi.

#19 SanturiZaMjomba (mleta uzi)

Fundi, nimezima taa. Mke wangu kauliza kama umeme umekatika.

Nimeziona! Miaka kumi na minne nina sanduku hili na sijawahi kuona hizo namba. Ya Morogoro Jazz ina tarakimu nimeziandika pembeni, nitakutumia picha. Mwandiko wa aliyezichora unafanana na wa mtu aliyekuwa na haraka.

Wakuu, basi miaka 100 ya Siti kwenye santuri ni Machi 2028. Naomba hapa tukubaliane, tusije tukaamka siku hiyo admini wangu kaweka mtu mwingine. Huyu ni wa kwanza kwetu mwanamke kurekodiwa. Nani ana watu Unguja wa kuzungumza nao mapema?

#20 MtotoWaShangani

Nina watu. Lakini ngoja kwanza, usikimbilie 2028.

Jana usiku nimekaa na kalenda ya Hijria nikapiga hesabu. Ulisema Siti kafariki 8 Julai 1950. Igeuze: inaangukia kumi la mwisho la Ramadhani, mwaka 1369. Ndiyo maana hapa mjini wazee wanaokumbuka mazishi yale hawataji Julai, wanataja mfungo. Ukitaka kumsomea hitima kwa mwezi wake basi usimfuate Julai, mfuate Ramadhani, na itakutembeza mwaka mzima: mara joto, mara masika, mara kipupwe.

Halafu nikageuza na ile Machi 1928. Ni mwaka 1346. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo miaka mia ya mwezi haifiki miaka 98 ya jua. Ongeza mia kwenye 1346 unapata 1446. Na mwaka 1446 ulikwisha Juni 2025.

Kwa hesabu ya Siti mwenyewe, aliyofungia na kufungulia maisha yake yote, miaka mia imeshapita. Tulikuwa tumelala.

#21 SautiYaTatu

Mendelssohn alichelewa miaka miwili na ukumbi ukajaa.

#22 SanturiZaMjomba (mleta uzi)

Nimeandika ujumbe nimeutupia kwenye grupu leo saa kumi na moja alfajiri, kabla admini hajaamka. Nimeweka hivi: LEO KATIKA HISTORIA YA MUZIKI, hakuna anayejua kama ni leo, lakini siku moja kama miaka 140 na kitu iliyopita, Fumba, alizaliwa mtoto wakamwita Mtumwa. Nikaambatanisha picha ya ukanda wa santuri, tochi ubavuni kama alivyosema Fundi.

Admini kaamka saa kumi na mbili. Kajibu: "Nzuri sana mkuu. Tarehe?"